Masega ya Noah la Kiponda

Gari lilipokata kona ya soko, Ngowa Garama alikuwa ameshaujua ugonjwa wake. Lilikuja likikoroma, kama mtu aliyefunikwa blanketi usoni. Ngowa aliweka chini kikombe cha chai, akafunga macho, akasikiliza mpaka injini ilipozimwa.

"Mulamu," alisema Kiponda, shemeji yake, akishuka na kuubamiza mlango. "Noah langu limenidhalilisha. Kilima cha darajani nimepitwa na mkokoteni."

"Mkokoteni wa punda au wa mtu?"

"Wa mtu. Tena mzee."

Moraa, mama wa Kisii aliyekuwa akipika maharagwe na chapati kwenye kibanda cha jirani, alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Huyo mzee ungempa lifti basi, akuvute."

Ngowa hakucheka. Alikuwa ameinama, kiganja kikiwa karibu na bomba la moshi, akipima pumzi iliyobaki humo. Ilikuwa dhaifu, na moto wake si wa kawaida.

Kazi yake ilikuwa mabomba ya moshi tu. Mafundi wengine wa Kilifi waligusa breki, springi, nyaya na rangi. Yeye aliyaacha yote hayo. Alizaliwa upande wa Ganze, akateremka Malindi angali kijana, akaajiriwa na Mtaliano mmoja mwenye gereji nyuma ya mikahawa ya ufuoni. Mtaliano huyo aliita sailensa *marmitta*, akaipenda kuliko wake wawili waliomkimbia. Kwake Ngowa alijifunza kuchomelea bati jembamba bila kulitoboa, kutukana kwa lugha tatu, na kuuogopa moshi. Hilo la mwisho alilijifunza kwa macho. Katika nyumba moja ya kitajiri kule Malindi mlinzi aliwasha jenereta ndani ya stoo ili mvua isiinyeshee, akaketi kando yake na mbwa. Asubuhi wote wawili walikuwa wameketi vilevile. Mtaliano alimshika Ngowa shingo akamwelekeza aangalie. "Huu wa kunuka na kuwasha macho usikutishe," alimwambia kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Uogope ule usionuka. Ule ukiingia kwenye damu unakalia kiti cha hewa, na hewa ikija inakuta kiti kina mtu."

Miaka mingi ilikuwa imepita. Ngowa sasa alikuwa na uwanja wake chini ya mwarobaini, mitungi miwili ya gesi, mashine ya kuchomelea, mke aitwaye Nelly na mtoto wa kiume, Tevin, aliyepata mchumba Mariakani.

"Ni masega," alimwambia Kiponda.

Masega ndilo jina la mafundi wa Kilifi. Wanunuzi wa vyuma chakavu kutoka bara huyaita kata. Kwa vyovyote, ni chombo kama mtungi uliolala chini ya gari, kati ya injini na sailensa. Ndani yake mna jiwe jepesi lenye vitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki, na kuta za vitundu zimepakwa madini adimu. Moshi wa injini ukipenya humo ukiwa wa moto hugeuka: ile sumu isiyonuka huwa hewa ya kawaida, na petroli isiyoungua huwa mvuke na hewa. Likiwa zima, sega haliibi nguvu ya kutajika. Likiziba, moshi hukosa njia, hurudi nyuma, na injini huwa kama mtu anayekimbia huku amezibwa pua.

"Lakini halikujiua lenyewe," Ngowa alieleza. "Injini yako inakunywa petroli kuliko inavyoweza kuchoma. Hiyo inayobaki imeenda kuwaka ndani ya sega na kuliyeyusha. Tutibu injini kwanza, kisha utafute sega jingine zima."

"Mulamu, Jumamosi nabeba mahari ya mwanao. Wataka nifike Mariakani wakwe wameshalala? Litoe masega, lipumue. Kila mtu anatoa."

Hilo lilikuwa kweli. Barabara yote kutoka Mtwapa hadi Malindi ilijaa magari yaliyotolewa masega, na mengi ni Ngowa aliyeyatoa. Aliwaza kidogo, akachukua msumeno.

Ilikuwa kazi ya kikatili, naye aliijua. Alikikata chombo, akakisimamisha juu ya gunia, akaingiza nondo na kuponda. Sega lilivunjika kwa sauti kama ya vyungu, vumbi la kijivu likatoka. Vipande alivifunga ndani ya gunia amwekee Thuku, mnunuzi. Ganda tupu alilirudisha mahali pake, ili mtu akichungulia aone chombo kipo. Alichomelea upande wa nyuma. Alipogeukia upande wa mbele, ule ulio karibu na injini, chini kabisa ya miguu ya dereva, stima ikapotea.

Walingoja. Moraa alifunga kibanda. Stima haikurudi. Ngowa aliziba ule mshono kwa utepe wa bati, akaukaza kwa waya, akaupaka gundi ya chuma.

"Itashika mpaka Jumatatu," alisema. "Jumatatu ulilete nilichomelee vizuri."

Kiponda aliwasha. Noah lilinguruma kama kitu kilichofunguliwa kamba. Alilizungusha sokoni, akarudi meno yote nje. "Ai, mulamu! Hili sasa litapanda Kaloleni likiimba!"

Ngowa naye alitabasamu. Alipenda kusifiwa.

*

Jumamosi kulikuwa na mawingu tangu alfajiri. Katika ukoo wa Ngowa baba wa bwana harusi hapeleki mahari mwenyewe. Hutuma kaka yake mkubwa akaseme, na mama wa kijana akaone nyumba anakotoka msichana. Kwa hiyo waliosafiri walikuwa watatu: Kiponda kwenye usukani, Mzee Ngumbao, kaka yake Ngowa, na Nelly.

Ngumbao alikuwa msemaji wa ukoo, mtu wa maneno matamu na koo kavu. Nelly alikuwa kinyume chake. Baba yake Nelly alikuwa mgema, akaanguka kutoka juu ya mnazi siku aliyokuwa ameonja kazi yake mwenyewe kupita kiasi. Tangu siku hiyo Nelly hakugusa pombe. Hata kibuyu cha pombe ya mnazi hakukiosha, aliwaachia wengine. Lakini mahari bila mnazi si mahari, na madumu yalipopakiwa aliyatazama kama mtu anayetazama nyoka wa jirani.

"Mke wangu mdogo," Ngumbao alimtania shemeji yake, "kaa hapa kati, karibu nami, nikulinde na hawa nyoka."

"Unilinde? Wewe ndiwe utakayewameza."

Madumu yaliingia, mchele ukaingia, kisha likaja kabati la mbao ambalo mama wa msichana alikuwa ameomba. Kabati halikutosha. Mlango wa nyuma, unaofunguka kwenda juu, ulibaki umeinuka kiasi cha mkono mmoja. Kiponda aliufunga kwa kamba na kuteremsha turubai la buluu juu ya mwanya ili mvua isiingie. Kando ya mlango huo kulikuwa na kibandiko cha njano chenye maandishi ya Kijapani, kilichovuka bahari pamoja na gari. Hakuna mtu Kilifi aliyepata kukisoma. Labda kilisema tu mlango usibamizwe.

Mvua ilianza. Vioo vikapandishwa, kiyoyozi kikawashwa.

"Gari lanuka," alisema Nelly kupitia kioo kilichokuwa kikipanda.

"Ni gundi mpya, inaungua," Ngowa alijibu. "Itaisha kabla ya daraja."

Noah likaondoka. Lilipopita mbele yake, chini ya mngurumo, sikio la Ngowa lilinasa mlio mwembamba: *tsi, tsi, tsi*, kama mtu anayeita kuku. Aliinua mkono juu wasimame. Kiponda alimwona kwenye kioo, akadhani anawaaga, akapiga honi mara mbili kwa furaha. Ngumbao akapunga mkono. Gari likakata kona.

Ngowa alibaki na mkono hewani. Ingekuwa rahisi kwake kupiga simu. Alijiambia ni mlio mdogo, ni safari fupi, na tena haifai kuwarudisha njiani watu wanaopeleka mahari, ni mkosi. Akaushusha mkono, akaenda kazini.

*

Thuku alimkuta ameketi bila kufanya lolote.

"Mzee, mbona leo umenyamaza hivyo? Harusi si ni ya kijana? Ama unaogopa wakwe?" Alilifungua gunia, akatoa kipande cha sega na kukiinua kwenye mwanga. Vitundu vya upande mmoja vilikuwa vimeyeyuka vikashikana, vyeusi ti. "Hii ilikuwa imeungua sana. Hiyo injini inamwaga petroli kama maji."

"Najua."

"Na sasa hiyo yote inatoka hivyohivyo."

"Najua, Thuku."

Simu ililia. Ilikuwa ya Ngumbao, sauti yake ikiwa imenenepa na kusikika mpaka kibandani.

"Ngowa! Tumeshapita Mavueni zamani, Kaloleni si mbali. Barabara njema, mvua njema. Dumu moja kifuniko chake kibovu, linamwagika, nikaona ni dhambi limwagike bure."

"Umelewa, kaka."

"Nimeonja! Kichwa kinagonga kidogo. Mnazi wa siku hizi una hila, nimeonja funda moja na miguu imeshaniaga." Alicheka peke yake kwa muda. "Kiponda naye anasema kichwa kinamuuma, na hajaonja hata tone. Analewa kwa wivu."

"Mpe Nelly simu."

"Nelly? Nelly amelala. Mkeo leo ameyaweza, ndugu yangu! Harufu tu ya dumu imemwangusha. Nimemwita kwa jina lake na la baba yake, hakujibu. Anakoroma mdomo wazi kama mgema."

Moraa, aliyekuwa akisikiliza kutoka kibandani, alipiga makofi. "Heee! Mama wa kwaya amelewa!"

Ngowa alisimama. Alimwona yule mlinzi wa Malindi ameketi na mbwa wake. Nelly hakulala safarini, maisha yake yote. Nelly alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili na kuomba Mungu kila gari lilipopishana na lori.

"Kaka, nisikilize. Mwambie Kiponda asimame. Asimame sasa hivi!"

"Kiponda, mulamu wako anasema usimame," alisikia Ngumbao akisema taratibu, kama mtu anayeongea kutoka ndani ya shimo.

"Azime injini! Fungueni milango, mtoke nje, mkae kwenye mvua! Kaka? Kaka!"

Simu ilikuwa imeshakatika. Alipiga tena. Sauti tulivu ya mwanamke ikamwambia mteja hapatikani. Alipiga ya Kiponda, ikalia mpaka ikanyamaza. Alipiga ya Nelly. Ikalia, ikalia, na kila ilipolia alizidi kuona mkoba wake ukitetema mapajani na mikono yake isiyosogea.

"Si mnazi," alimwambia Thuku, ingawa Thuku hakuuliza. "Ni moshi. Ule mshono umefunguka."

Thuku aliangalia kipande cha sega kilichokuwa mkononi mwake, akakirudisha guniani polepole.

*

Mutuku, Mkamba aliyeuza maji kwa pikapu, alikuwa akijaza mapipa upande wa pili wa barabara. Hakungoja kuelezwa mara mbili. Alifungua bomba za mapipa yote, akayaacha yamwage maji barabarani huku gari likienda, ili liwe jepesi.

Walivuka daraja mvua ikiwapiga usoni, kwa maana Ngowa alikuwa ameshusha kioo na hakutaka kukipandisha.

"Wanaweza kuwa wamesimama, wako nje wanakungoja," alisema Mutuku.

"Wanaweza."

"Kiponda si mjinga."

"Ule moshi unamfanya mtu mjinga kwanza. Ndiyo kazi yake ya kwanza."

Baada ya Mavueni barabara iliacha bahari na kuanza kupanda katikati ya minazi. Kila kilima kilimwongezea Ngowa hofu, kwa sababu alijua kinachotokea chini ya gari linalopanda. Injini huvuta kwa nguvu, hunywa petroli zaidi, moshi huwa mzito. Sehemu ya moshi ilitokea kwenye mshono chini ya miguu ya Kiponda. Sehemu nyingine ilitoka nyuma, mbichi, bila sega la kuigeuza, na upepo wa gari lenyewe ukaizungusha na kuirudisha ndani kwa ule mwanya wa mkono mmoja. Vioo vimefungwa. Nguvu zile Kiponda alizozisifu sokoni ndizo zilizokuwa zikipuliza.

Penye vibanda vya nazi Mutuku alipunguza mwendo. "Mama, shikamoo! Umeona Noah lenye turubai la buluu?"

"Marahaba. Limepita linasuka njia," mwanamke alijibu. "Walevi hao. Mwambieni dereva wao aone haya, na mvua hii!"

"Muda mrefu?"

"Mahindi niliyoweka likipita yameiva."

Ngowa alijaribu tena simu ya Nelly. Safari hii haikulia kabisa.

Waliliona kabla ya Kaloleni. Lilikuwa kando ya barabara, limeelekeza pua kwenye majani, na taa za nyuma zikiwaka. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Ngowa alivuta pumzi mpaka chini. Lilikuwa limesimama. Kiponda alikuwa amesikia.

Kisha akaona moshi. Ulitoka taratibu nyuma ya gari, ukagonga turubai, ukajikunja, ukaingia ndani. Fagio za kioo cha mbele zilikuwa zikienda huku na huku. Kiponda alikuwa amesikia neno moja tu la yote aliyomwambia, akalitii. Alisimama. Hakuzima.

Ngowa aliruka kabla pikapu halijatulia. Chini ya paa la duka wanaume wanne walikuwa wamejikinga mvua. Mmoja alimpungia mkono.

"Mzee, waache walale! Ni watu wa mahari hao. Tumegonga kioo wameshindwa kujibu, tukaona madumu, tukasema hee, hawa wamemaliza kazi kabla ya kufika. Hata turubai lilikuwa limepeperuka, nimewafungia vizuri wasinyeshewe."

Kilikuwa kitendo cha mtu mwema. Ngowa aliwaza hivyo hata wakati huo, akifungua mlango wa dereva na kuzungusha ufunguo. Injini ikanyamaza, ikabaki mvua.

Kiponda alikuwa amelaza paji la uso kwenye usukani. Walipomvuta nje aliguna. Ngumbao aliketi na dumu kifuani, kanzu imelowa mnazi, macho nusu wazi. Alipopigwa na mvua alitapika. Nelly hakuguna, hakutapika. Alikuwa amelala ubavu, kilemba kimemteleza, na midomo yake ilikuwa na wekundu mzuri, kama ya msichana aliyepaka rangi kwa siri. Ngowa alikuwa hajaiona midomo hiyo ikipendeza namna ile tangu ujana wao, na kupendeza huko ndiko kulikomwogopesha kuliko kitu chochote alichokiona siku hiyo.

"Nelly. Mama Tevin."

Aliweka sikio mdomoni pake. Sikio lililojua ugonjwa wa gari kutoka kona ya soko sasa halikusikia ila mvua. Akaliweka tena. Akazuia pumzi yake mwenyewe. Mbali sana, kama gari linalopita bonde la pili, aliisikia ya Nelly.

*

Zahanati ilikuwa ya mtu binafsi, vyumba vitatu na veranda. Muuguzi, dada aitwaye Emily, aliwatazama watu watatu waliobebwa kutoka nyuma ya pikapu, akasikia harufu, akakunja pua. Wote watatu walinuka mnazi. Dumu lilikuwa limepinduka gari lilipoparamia majani, likamwagikia kila mtu.

"Tena Jumamosi," alisema. "Walazeni ubavu pale veranda wasije wakapaliwa. Nitawawekea maji. Wataamka na aibu zao."

"Dada, hawajalewa."

"Baba, mimi nina pua."

Waliowasaidia kuwabeba walianza kucheka. Mtu mmoja akamwambia mwenzake mama huyu ni wa kanisa, ona kitambaa cha umoja wa wanawake, na kicheko kikazidi. Ngowa aliwageukia wale wanaocheka. Watu hawa wangekuwa majirani wa wakwe zake. Habari ingefika Mariakani kabla yake: kwamba baba wa bwana harusi ndiye aliyetengeneza gari lililotaka kuua ujumbe wake mwenyewe. Akamtazama Nelly kwenye saruji ya veranda, na kifua chake kilichokuwa kikipanda kwa kusitasita, kama kinachouliza ruhusa.

"Ni moshi wa gari!" alisema, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mimi ni fundi wa mabomba. Gari hilo nimelitoa masega kwa mikono hii, nikaliziba kwa bati na waya, nikaliacha liondoke likilia. Nimelisikia likilia. Mke wangu hajanywa hata tone tangu azaliwe. Mpe hewa, dada yangu. Mpe hewa ya mtungi kama unayo, hata kama huniamini."

Kicheko kilikatika. Emily aliinama, akavuta chini kope la Nelly, akaangalia wekundu wa ndani, akaitazama midomo. Sura yake ilibadilika. Alikimbia, na viatu vyake vya plastiki vikapiga sakafu. Mtungi wa hewa ulikuwa mmoja tu. Walimpa Nelly, kisha Kiponda, kisha wakarudi kwa Nelly, na Ngumbao akatosheka na upepo wa veranda, akilalamika kwamba hata hewa siku hizi inagawiwa kwa upendeleo. Emily alipiga simu gari la wagonjwa liwapeleke kwenye hospitali kubwa.

Nelly alifumbua macho wakati wa kungoja. Aliangalia dari, akaangalia mpira uliofunika pua na mdomo wake, akausukuma kando. Kitu cha kwanza alichofanya ni kunusa nguo zake. Uso ukamkunjika.

"Nimekunywa?"

"La."

"Nanuka mnazi, Ngowa. Watu wananiangalia." Machozi yakamtoka. "Baba Tevin, niambie kweli. Nimekunywa?"

"Hukunywa. Umepewa moshi. Mimi ndiye niliyekupa."

Alimwangalia kwa muda mrefu, kama anayejaribu kukumbuka amemjulia wapi. Kisha akavuta mpira mwenyewe, akaurudisha usoni, akageukia ukuta.

*

Mahari yalifika Mariakani baadaye, siku ya jua, nyuma ya pikapu la Mutuku lisilo na paa. Nelly alikataa kuketi mbele pamoja na dereva. Alipanda nyuma akaketi juu ya gunia la mchele, upepo ukimpiga, na Ngowa, kinyume na desturi ya ukoo, akapanda akaketi kando yake. Ngumbao alisema hakuna mkwe atakayeuliza, na akiuliza ataambiwa. Wakwe hawakuuliza.

Noah limeegeshwa chini ya mwarobaini bila bomba. Ngowa aliling'oa lote, akalikata vipandevipande. Anatengeneza mabomba bado, na wenye magari bado humjia wakimwambia litoe, lipumue. Huwaambia hapana. Wengine hucheka, huenda kwa fundi mwingine mbele kidogo, na baada ya saa mbili hupita wakinguruma na kumpigia honi.

Kiponda alirudi kuendesha gari la mtu mwingine, akaacha. Hakumwambia mtu sababu ila dada yake, Nelly. Alikuwa amefika Mavueni, kwenye njia panda aliyoipita tangu ujanani, akasimama, akawasha taa ya kulia, akaizima, akawasha ya kushoto, na akaketi pale magari yakimpigia kelele nyuma, kwa sababu hakuweza kujua Kilifi iko upande gani.

Daktari wa hospitali kubwa alisema mambo kama hayo, baada ya moshi ule, yanaweza kuja polepole, na pia yanaweza yasije. Nelly huimba kwaya, hupika, humgombeza Tevin kama zamani. Lakini mara nyingine hutoka mlangoni akamwita Ngowa aliyeko uwanjani, aanze kusema jambo, na katikati ya sentensi anyamaze, midomo ikiwa wazi kidogo, akitafuta neno.

Ngowa huweka nyundo chini. Hunyamaza pia, kichwa ameinamisha, akisikiliza, mpaka Nelly aendelee.